Fauzia, Kabla Hujakiwasha Kikaango

Fauzia mwanangu,

Salamu za hadharani utazipata kesho bandarini, mbele ya shangazi zako. Hapo nitakuwa mama wa watu, nitacheka na kukupigia vigelegele kama wenzangu. Hizi za karatasi ni zako peke yako. Zisome ukishafika Mutsamudu, papo hapo gatini, si ndani ya boti, maana nalijua tumbo lako likiona mawimbi.

Sitakuandikia habari za neti ya mbu, wala za kuchemsha maji, wala mwalimu mgeni avae nini siku ya kwanza darasani. Shangazi zako wameyasema hayo tangu juzi, mpaka mimi mwenyewe nimetamani kusafiri niwakimbie. Nataka kusema nawe juu ya lile furushi refu nililolifunga katikati ya godoro lako. Ulipouliza ni nini nilikukaripia, "We, beba tu!" Ni kikaango. Ndiyo, kile kile cha Itsandra.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tunavyosema humu ndani. Baba yako alikulia Unguja, Kinzuani changu, lugha ya kisiwa cha kwetu Mutsamudu, hakijui, na Kingazija cha ndugu zake mpaka leo kinanipiga chenga. Basi tangu siku ya kwanza tumependana na kugombana kwa Kiswahili, na wewe ukazaliwa katikati yake. Tena afadhali. Haya ninayotaka kusema, kwa lugha ya mama yangu hayatoki kinywani, nimejaribu.

Nusu ya habari unaijua. Unajua kwamba Koko wako, mama yangu mimi, alizika dhahabu ya harusi yako ndani ya nyumba ya Mutsamudu, akafa bila kusema wapi. Unajua kwamba mimi na mdogo wangu Zaliha hatusemezani. Unajua kwamba mjomba wako ndiye mwenye ufunguo wa nyumba, na kwamba akipata saruji atasakafia uwani, mahali pekee palipobaki udongo, kwa hiyo ukitaka kutafuta utafute mapema. Nusu ya pili huijui, nayo ndiyo ninayoogopa kufa nayo. Zaliha hakuiba kitu. Mimi ndiye niliyemwita mwizi, mbele ya watu, na nilimwita hivyo kwa sababu ya mashine.

Wakati ule ulikuwa msichana wa shule, uliuona upande wa nyimbo na gwaride. Sisi tuliuona upande mwingine. Uhuru ulikuja, Wafaransa wakaondoka na mafundi wao, kisha ikaja serikali ya vijana. Harusi kubwa zikapigwa marufuku, wazee wakavunjiwa heshima barabarani, na watoto tuliowabeba mgongoni wakawa wanaingia majumbani kuuliza nani kachinja ng'ombe kwa ajili ya nani. Sikatai, walisema na ya kweli. Watu walikuwa wakijimaliza kwa ajili ya harusi moja. Lakini Koko wako hakutaka kusikia kweli ya mtoto asiyejua kujifunga shuka. Akaona dhahabu yako haina usalama tena kabatini.

Dhahabu yetu sisi, unajua, si ya mwanamume. Nyumba na dhahabu hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mahali pa kuficha hujua aliyeficha na anayerithi tu. Zaliha alikuwa akiishi naye, akimpikia, akimwogesha, lakini vile vitu vilikuwa vya kizazi changu mimi mkubwa, vya kwako wewe. Basi Koko alichagua siku, akamtuma Zaliha mtoni kufua, akafunga mlango, akachimba mwenyewe. Kisha akanipelekea neno kwa mwanamke aliyekuwa akija Moroni: "Mwambie vitu vya Fauzia nimevilaza." Basi. Siri ya mahali haitumwi kwa mdomo wa msafiri. Alikuwa akinisubiri niende nisikie mwenyewe.

Nami nikasema nitakwenda baada ya Idi. Baada ya Idi nikasema baba yako ana homa. Homa ikapona, nikasema boti zimejaa. Lahaula! Mtu anaitwa na mama yake, anajibu kwa habari za boti. Siku moja Koko aliamka mdomo umekwenda upande, neno halitoki, na kabla sijafika wakawa wamekwisha mzika.

Hapo ndipo mashine inapoingia. Kulikuwa na Mfaransa mmoja, mhandisi wa barabara, ambaye baba yako alikuwa akimtengenezea redio. Mtu huyo alikuwa na kichaa chake. Ijumaa watu wako msikitini, yeye yuko Itsandra kwenye magofu, amevaa vitu masikioni na fimbo mkononi yenye sahani chini, anasikiliza ardhi, anatafuta sarafu za kale. Watoto walimwita mwendawazimu wa kikaango, maana sahani na mpini wake ni kikaango kitupu. Alipoondoka kwa haraka alimwachia baba yako mashine mbili. Moja kubwa na nzito, ya jeshi, ya kutafutia mabomu. Nyingine nyepesi, sahani yake ndogo kama ya kikombe cha chai.

Nilipokuwa nakwenda kwenye msiba baba yako aliniuliza nachukua ipi. Mimi bila kufikiri nikachukua kubwa. Si ilikuwa kubwa? Niliichagua kama mtu anayechagua papai sokoni. Nilifika Mutsamudu nikaizungusha ndani ya nyumba, ikanipatia jembe lililovunjika, mguu wa kitanda cha chuma na tufe la mzinga wa zamani, zito, ambalo mjomba wako mpaka leo anazuilia mlango. Sahani kubwa huona mbali chini, lakini kitu kidogo inakiruka kama haikioni. Nikapeleka neno, baba yako akanitumia ile ndogo kwa boti, na kikaratasi cha mstari mmoja: "Ijaribu kwanza kwa kitu kinachofanana na unachokitafuta."

Nikaijaribu, usidhani sikuijaribu. Nilivua pete yangu ya ndoa, hii nene unayoijua, nikaifukia, mashine ikalia vizuri. Nikasema, haya, dhahabu inaisikia. Nikaanza.

Fauzia, nyumba ya mtu aliyezeeka imejaa takataka chini ya udongo. Nililisikia kila kopo la maziwa, kila mfuniko wa dagaa, kila karatasi ya fedha ya sigara za marehemu babu yako. Kila hatua mashine inalia, nami nainama, nachimba, natoa upuuzi. Majirani wa msiba walikuwa wamekaa barazani wananitazama. Mmoja akasema, "Mama Fauzia amekuja kuvuna makopo." Wakacheka, na mimi nikacheka nao huku nafsi inaniuma. Mara nyingine nilichimba mpaka kiwiko kumbe iliyokuwa inalia ni bangili yangu mwenyewe.

Sasa ile mashine ndogo ina swichi mbili za kuzungusha. Moja ni ya kuizoesha udongo wa mahali. Ya pili ni ya kunyamazisha takataka, ukiizungusha haisikii tena vikopo na karatasi za fedha. Nikaizungusha. Ah, raha iliyonipata! Nyumba nzima ikanyamaza. Nikapita chumba cha Koko, nikapita ukumbini, nikapita uwani mpaka kwenye mafiga, kimya. Nikarudia, kimya. Nikaweka mashine chini nikajua, yaani nilijua kama ninavyojua jina langu, kwamba chini ya nyumba ile hakuna dhahabu. Na kama haimo ardhini, basi iko kwa mtu. Na mtu aliyekuwamo ndani ya nyumba alikuwa mmoja tu.

Zaliha niliwahi kumuuliza siku ya kwanza. Akasema, "Dada, alinituma mtoni. Niliporudi nikaona udongo kwenye kucha zake, sikumuuliza, maana hayakuwa yangu." Alisema hivyo hivyo, kwa upole, akiwa anachambua mchele. Sasa yale maneno niliyageuza kichwani mpaka yakawa ushahidi. Aliona udongo! Kwa nini hakuuliza? Mtu gani haulizi?

Arobaini ya Koko ilikuwa nyumbani pale. Wanawake wamejaa, hitima imesomwa, Zaliha anazunguka na birika la kahawa amejifunga shiromani ya marehemu, ile shuka ya wanawake wa kwetu. Mama mmoja, kwa nia njema tu, akaniuliza kama vitu vya binti yangu vimeonekana. Nami nikasema kwa sauti, "Ardhi nimeiuliza, imesema haina. Kikulacho ki nguoni mwako."

Hakuna aliyeuliza nani. Wote walimtazama. Zaliha aliweka birika juu ya mkeka, taratibu, akajifunga shiromani vizuri, akatoka. Nilimwona anavuka kizingiti nikafikiri atarudi jioni. Hakurudi. Alikwenda kupanga chumba mtaa wa juu kwa mjane mmoja, na tangu siku hiyo hajala ndani ya nyumba ya ukoo, hajaalikwa kwenye shughuli yoyote, na mwanamume aliyekuwa akimposa akaacha kupita. Mutsamudu vichochoro vyake ni vyembamba, neno likiingia halina pa kutokea. Nyumba ikabaki tupu, vijana wa kamati ya serikali ile wakaichukua wakaifanya ofisi. Mimi nikarudi Moroni na kikaango changu, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa mweupe kabisa.

Sasa kumbuka ile siku ya Itsandra. Tulikwenda kuwaona ndugu wa baba yako, ukaangusha kipuli mchangani, kile chembamba alichokupa Koko ulipotoboa masikio, ukalia kama mtoto mchanga. Nami nikajitia fundi. "Nyamaza, mama yako ana mashine." Siku ya pili nikaja na kikaango, nikapita palepale ulipoonyesha, kimya, nikapita tena, kimya. Nikakwambia kimechukuliwa na maji. Wewe ukapiga magoti ukatia mkono mchangani, nyuma ya kisigino changu, mahali nilipokwisha pita, ukakitoa.

Ulicheka. Mimi nikaketi pale mchangani sikuinuka. Uliniuliza, "Mama, kizunguzungu?" nikasema ndiyo. Sikuwa na kizunguzungu. Nilikichukua kipuli mkononi mwako nikakipitisha chini ya sahani, kimya. Nikarudisha ile swichi ya takataka mwanzo kabisa, nikakipitisha tena, kikalia. Dhahabu ya Koko ni nyembamba, mwanangu. Masonara wa kwetu waliigonga mpaka ikawa kama karatasi, mikufu yake nyuzi tupu, na yeye hakuiweka katika kopo, aliiweka katika chungu maana aliamini bati huila dhahabu. Kwa mashine, vile vitu na karatasi ya sigara ni kitu kimoja. Nilipoinyamazisha takataka niliinyamazisha na dhahabu. Pete yangu ililia kwa sababu ni nene. Nilitafuta kitu chembamba kwa kujaribia kitu kinene.

Nilipanda boti ya kwanza iliyokwenda, wewe nilikwambia nakwenda kuhani. Nilifika Mutsamudu nikakuta wale vijana wamemwaga saruji vyumba vyote, na ndani ya saruji wametandika wavu wa chuma, wasije wakaambiwa wamejenga ovyo. Niliwaomba waniruhusu kupima, wakaniruhusu, walikuwa wanachoka wenyewe wakati ule, hawakuwa na ukali tena. Nikawasha. Ililia kutoka kizingiti hadi ukutani bila kupumua. Hakuna mashine inayoweza kusikia chini ya wavu ule. Uwani peke yake saruji haikufika, nami sikuwa na nguvu tena ya kupima uwani, nilikaa juu ya mafiga yaliyopoa nikalia mbele ya watoto wa watu.

Kisha nikapanda kwa Zaliha. Na hapa, Fauzia, ndipo nilipoharibu mara ya pili, na hii ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Ya kwanza nilidanganywa na swichi. Ya pili nilikuwa najua. Alifungua mlango nusu. Amekonda. Nimepanda ngazi zile zote na maneno yangu nimeyapanga, na nilipomwona uso nikaona haya, na haya ikanipa neno dogo la kujifichia. Nikasema, "Zaliha, huenda hukuchukua."

Alinitazama. Akasema, "Huenda?"

Nikaanza kumweleza mashine, swichi, wavu wa chuma, saruji. Aliniacha nimalize. Akasema, "Dada, basi nenda kaisubiri ardhi. Ikikwambia, njoo uniambie mimi ni nani." Akafunga mlango, wala hakuubamiza. Ningependa angeubamiza.

Tangu siku hiyo serikali ile imeanguka, harusi kubwa zimerudi na ngoma zake, vijana wa kamati wamenyoa ndevu wanawaamkia wazee, nyumba tumerudishiwa. Kila kilichopinduliwa kimepinduliwa tena, isipokuwa mlango ule. Sasa wizara imekupangia shule ya Mutsamudu na utalala chumba cha Koko, juu ya saruji ile. Baba yako anasema ni bahati. Mimi namwachia.

Nitakueleza jinsi ya kukitayarisha kikaango, maana najua utatafuta tu, hata nikikukataza. Betri mpya zimo ndani ya soksi ya baba yako. Vua saa, vua bangili, usivae viatu vyenye misumari. Usiamini kilivyotegwa huku Moroni. Mawe yetu haya meusi ya volkano yana chuma ndani yake na yanakifanya kisikie vibaya, na udongo mwekundu wa kwetu una tabia nyingine. Inua sahani hadi gotini, ishushe, zungusha swichi ya udongo kidogo kidogo mpaka uishushe na sauti isibadilike. Swichi ya takataka iache mwanzo kabisa, usiiguse, watu wacheke wanavyotaka. Katika bahasha hii kimo kipuli chako cha Itsandra. Kifukie kina cha kiganja, pita juu yake, na usianze mpaka umekisikia. Sahani iende chini karibu na ardhi, sawasawa, usiiinue mwisho wa mkono kama mtu anayefagia. Na kila kinacholia kichimbe, hata ukijua ni kopo.

Nimekueleza, lakini sikutii moyo. Koko hakuwa mtu wa kuzika dhahabu uwani penye mafiga, watu wanapomwaga maji. Nadhani iko chini ya kitanda utakacholalia, na kuitoa ni kuivunja nyumba, na mjomba wako hatakubali. Au hao waliochimba kabla ya kumwaga saruji waliiona. Sijui. Kuna usiku nilifikiri nikupe vipuli vyangu mwenyewe uvizike uwani, kisha uvipate mbele ya majirani, Zaliha asafike. Nilikwisha hata kuvifunga katika kitambaa. Kisha nikakumbuka kwamba ni yeye aliyekuwa akiisafisha dhahabu ile kwa maji ya ndimu kila Idi tangu utotoni. Angevitazama mara moja tu, akajua kwamba nimemfanyia uongo wa pili juu ya uongo wa kwanza. Nikavifungua.

Basi hakuna cha kumsafisha isipokuwa mdomo uliomchafua, na mdomo huo, mwanangu, siuamini. Nikipanda mwenyewe zile ngazi, utatafuta tena neno la kujifichia. Ndiyo maana nauazima wako. Sipendi kumpa mtoto mzigo wa mama yake, lakini nimekupa godoro, nimekupa kikaango, na hili nalo nimelifunga humo humo.

Ukishuka botini usiende nyumbani. Mwache mjomba wako asubiri na ufunguo wake, mizigo iache bandarini kwa mtu, kikaango kikiwa bado ndani ya godoro, hakijawashwa. Panda mtaa wa juu mikono mitupu. Uliza kwa Zaliha binti wa nyumba yetu, watakuonyesha, ingawa wengine watakuonyesha kwa kidevu. Gonga, umbusu mkono, umwambie, "Mama anasema hukuchukua." Usiongeze neno. Usiseme huenda. Usiseme mashine, usiseme saruji, usiseme Mama analia.

Nafikiri atafunga mlango. Mimi ningefunga. Usigonge mara ya pili, na usiniandikie kunifariji.

Lakini akikuuliza kama dhahabu imeonekana, mwambie umekuja kwake kwanza, dhahabu bado hatujaitafuta.

Mama yako